Kikonyo

Chupa ilikuwa ya buluu, ya dawa ya tumbo,
ile aliyokuwa mama akiinywea kijiko cha chai
miezi yote ya mwisho, akikunja uso.
Niliiosha mara tatu. Harufu ya mnanaa haikutoka.
Nikaifunga kwenye kitambaa cha kichwa,
nikapanda gari la kwenda Odumase,
kwa Padi, mpika shanga.

Padi hakuuliza ilikuwa ya nani.
Aliiinua juani, akafumba jicho moja:
"Arubaini," akasema. "Na mbili, usipomwaga."
Redio yake ilikuwa inatangaza mpira,
na bao lilipoingia ndipo alipoipiga nyundo,
ndani ya gunia, pa!
kama mtu anayeshangilia.

Nilidhani nitalia. Nikapewa mchi.

Kinu cha chuma, mchi wa chuma.
Kioo si mahindi, hakina pumba ya kupepeta.
Kwanza kinapiga kelele, kisha kinakwaruza,
kisha kinanyamaza,
na ukimya ule ndio unaokuambia: sasa chekecha.
Kilichobaki juu, rudisha. Twanga.
Viganja vikafura malengelenge. Twanga.
Buluu ikapauka, ikawa kijivu,
ikawa unga ambao mgeni angeuinjikia maji.
"Rangi imekwenda wapi?"
"Kaulize moto."

Kalibu zake ni za udongo, zina vishimo kama vya bao,
kila kishimo kimepakwa chokaa
ili kioo kisigande, kama ukoko chunguni.
Tukamimina unga kwa ncha ya kijiko.
Padi akagonga ukingo kwa kidole, tik, tik,
unga ukakaa.
"Kachume kisamvu," akaniambia, "ulete vikonyo."
Majani nikampa mbuzi wa jirani.
Kila kishimo, kikonyo kimoja, wima katikati,
shamba la vijiti arubaini na viwili
lililokuwa likingojea kuungua.

Tanuri ni la udongo wa kichuguu,
mchwa walikwisha kuuchambua, chembe kwa chembe,
bila malipo, asema Padi, tofauti na watoto wake.
Akalilisha makokwa ya mchikichi
mpaka mdomo wake ukawa mwekundu, kisha wa manjano,
kisha rangi ambayo macho yalikataa kuiangalia.

Humo ndani, kikonyo huungua kwanza.
Kioo bado ni unga, bado ni chembe zisizojuana,
na kikonyo tayari ni jivu.
Kisha chembe zinalainika, zinashikana, zinakumbatia,
na zinachokumbatia
ni mahali alipokuwa mtu. Kijiti, nilitaka kusema.

Akazitoa na koleo. Msharasi mkononi,
akazizungusha moja moja kungali moto,
zungusha, zungusha, kabla kioo hakijakaidi,
na mimi nikasimama nyuma yake nisimtie kivuli,
jasho langu likidondoka, likikauka kabla ya ardhi.

Asubuhi tukazisugua kwa maji na mchanga
juu ya jiwe lenye mifereji,
na buluu ikarudi. Si ile ya chupa:
nzito zaidi, kama sauti ya mtu aliyeamka kwenye homa.

Nikahesabu. Arubaini na moja zilikuwa wazi.
Mmoja kikonyo chake kiliangukia ubavuni;
kioo kikajifunga juu yake, kikaziba.
Padi akautupa kwenye ndoo ya mabaki.
Alipokwenda kubadilisha betri za redio
nikauokota.

Zile arubaini na moja ziko kiunoni mwa mtoto wa Korkor,
aliyetolewa nje siku ya nane na kupewa jina la mama.
Zinalia akiogeshwa. Anazivuta, anakasirika, anazisahau.
Wangu uko mfukoni, pamoja na funguo.
Hauingii uzi. Nauviringisha nikiwa benki,
nikiwa kwenye foleni ya zahanati,
dole gumba likitafuta tundu lisilokuwepo.

Wiki iliyopita Padi alinitumia ujumbe:
*Nimehesabu ndoo. Urudishe tuutwange upya,
safari hii nitasimamisha kikonyo mwenyewe.*

Sijamjibu.